Joto, Mafuta na Spea: Breki Ipi ya Diski ya Kuamini Mlimani

Mchezo wa baiskeli za milimani ulizaliwa ukiwa na tatizo la breki. Oktoba 1976 kikundi cha vijana wa Marin County, California, kilianza kushindana kushuka barabara ya vumbi karibu na mji mdogo wa Fairfax: mteremko wa kama mita 400 ndani ya kilomita tatu na ushei. Baiskeli zao zilikuwa mikweche ya miaka ya 1930 na 1940, ya tairi nene, na breki yake ilikuwa ile ya ndani ya habu ya nyuma inayoshika ukikanyaga pedali kinyumenyume. Wakifika chini habu inafuka moshi, grisi imeungua yote. Kabla ya kushuka tena lazima ifunguliwe, isafishwe na kujazwa grisi mpya, na ni kazi hiyo iliyoyapa mashindano jina la Repack. Waliokuwemo, kina Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, ndio hao hao walioanzisha biashara ya kuunda na kuuza baiskeli za milimani.

Leo habu ile imepisha diski ya chuma cha pua, pedi mbili na mafuta ndani ya paipu nyembamba, lakini anayeua breki ni yule yule: joto. Ndiyo maana naona ubishi wa breki ipi ina nguvu zaidi, unaojaza matangazo na vijiwe vya waendesha baiskeli, umepitwa na wakati. Breki yoyote ya diski ya mafuta, ya bei ya kati, iliyofungwa vizuri, inaweza kufunga gurudumu kwa kidole kimoja au viwili. Tofauti ya kweli iko kwenye maswali mawili: inakuwaje ikishapata moto, na ikiharibika ukiwa Lushoto, Iten au Musanze, nani ataitengeneza na kwa spea gani.

Tuanze na moto, kwa hesabu. Barabara ya Lushoto hadi Mombo kupitia Soni ina urefu wa kama kilomita 33. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini kwenye tambarare, karibu mita 400. Mtu, baiskeli na mkoba vikiwa na kilo 100 kwa pamoja, mteremko huo unaachia nishati ya karibu kilojuli 980, na yote lazima igeuke joto mahali fulani. Inatosha kuchemsha karibu lita tatu za maji ya bomba. Sehemu inaliwa na upepo, sehemu na tairi, na inayobaki inaingia kwenye vipande viwili vya chuma ambavyo kila kimoja hakifiki robo kilo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: mwoga ndiye anayechoma breki zaidi. Anayeshuka kwa kasi anauachia upepo kazi kubwa. Anayeshikilia leva mwanzo mwisho, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa kwenye mteremko wa asilimia 10, anazilazimisha breki zake kutoa joto la takriban wati 400 bila kupumzika. Simshauri mtu azivamie kona za Soni kwa wazimu, malori yapo. Ninachosema ni abane kwa nguvu kabla ya kona, kisha aachie kabisa, diski ipate hewa.

Njia za msituni zina hesabu nyingine, ya mishtuko mifupi. Kusimama mara moja kutoka kilomita 40 kwa saa, kwa uzito ule ule wa kilo 100, ni kama juli 6,200. Uzito husogea mbele unapobana, kwa hiyo breki ya mbele hubeba kiasi cha theluthi mbili. Diski ya gramu 180 itapanda joto kwa nyuzi kama 45 kwa kusimama huko kumoja, na diski ndogo ya gramu 110 itapanda kwa nyuzi 75 hivi. Fuatanisha kona tano za namna hiyo bila nafasi ya kupoa uone diski ndogo itakavyokuwa.

Kwa sababu hiyo, anayeniuliza abadilishe nini kwanza simtajii kampuni. Namwambia aongeze ukubwa wa diski ya mbele. Saizi zilizozoeleka ni milimita 160, 180 na 203, na sasa kuna za 220 kwa watu wazito na baiskeli za umeme. Kutoka 160 kwenda 203 nguvu ya kuzuia gurudumu inaongezeka kwa asilimia 27 kwa mkamuo ule ule wa leva, kwa kuwa pedi inashika mbali zaidi na katikati ya gurudumu, na juu ya hapo unapata chuma zaidi cha kupokea joto. Utahitaji diski, bolti ndefu kidogo na kipande cha kusogezea kalipa, yaani kifaa kinachoshikilia pedi na pistoni zinazozisukuma. Sharti ni kuangalia foku inaruhusu saizi gani, maana foku nyepesi za mbio mara nyingi mwisho wake ni 180, na anayezidisha anaomba foku ivunjike. Unene nao una neno lake. Diski ya Shimano huja na milimita 1.8 na hutupwa ikifika 1.5. Magura wanatumia milimita 2.0, TRP wamefika 2.3 kwa breki zao kubwa. Diski nene hupinda kwa shida na huchelewa kupata moto.

Kwenye pistoni ndiko wauzaji wanakotupiga chenga. Utaambiwa breki ya pistoni nne ina nguvu mara mbili ya ile ya pistoni mbili. Haya, tupime. Kalipa za Shimano za pistoni mbili, za Deore na XT, zina pistoni za kipenyo cha milimita 22, na hilo linatoa eneo la milimita za mraba 380 kila upande wa diski. SRAM Code, breki ya pistoni nne iliyofungwa kwenye baiskeli nyingi za kuteremkia, ina pistoni za milimita 15 na 16. Jumlisha mbili za upande mmoja unapata 378. Kwa kanuni ya Pascal hakuna kilichoongezeka. Breki ya pistoni nne inachokupa ni pedi ndefu: mali nyingi zaidi ya kulika na nafasi kubwa zaidi ya joto kusambaa. Inadumu na haichoki mapema, na kwa mteremko mrefu hiyo ni sifa kubwa kuliko nguvu. SRAM walipotaka nguvu kweli, kwenye Maven ya mwaka 2024, walibaki na pistoni nne zile zile ila wakazinenepesha hadi milimita 18 na 19.5, eneo likapanda kwa asilimia 46. Fizikia ikadai chake: pistoni nene inataka mafuta mengi kwa kila sehemu ya milimita inayosogea, kwa hiyo ama leva ivutwe zaidi, ama pedi zikae karibu zaidi na diski na kuigusagusa ikichafuka.

Leva nayo ina tabia yake. Shimano wana mfumo wa Servo Wave, ambao mwanzoni mwa mvuto unazisogeza pedi haraka, kisha unabadilika na kukuongezea nguvu pedi zikishagusa. Matokeo yake ni breki inayouma ghafla. SRAM na Hope wanapendelea nguvu inayopanda polepole kadiri unavyovuta. Kwenye mwamba mkavu utapenda ya kwanza. Kwenye udongo mwekundu wa Usambara uliolowa, breki inayouma ghafla inafunga gurudumu kabla hujajua, na gurudumu lililofungwa kwenye tope halina breki wala usukani. Mwisho wa nguvu ya breki ni tairi, na ziada yoyote ambayo kidole chako hakiwezi kuipima haikusaidii kitu.

Breki iliyopata moto inakufa kwa namna tatu, na ni vizuri kuzitofautisha kwa sababu dawa zake hazifanani. Ukivuta leva ikawa ngumu kama kawaida lakini baiskeli haisimami, zimechoka pedi. Leva ikiingia bila upinzani hadi kugusa usukani, mafuta yamechemka na ndani ya paipu sasa kuna mvuke, ambao unabonyea wakati mafuta hayabonyei. Ukisikia diski inakwaruza kwa mdundo, ikigusa na kuachia kila mzunguko, imepinda. Ya kwanza hukupa onyo, kwa harufu na kwa umbali wa kusimama unaozidi kuongezeka. Ya pili inakuja kwa mkupuo mmoja, na hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Toa pedi iliyoungua uitazame. Pedi nzima ina uso wa kijivu usiong'aa, na ukipitisha ukucha unasikia mkwaruzo. Iliyoungua uso wake umekuwa mlaini na unang'aa, ukucha unateleza, na ukiigeuza upande utakuta nyufa nyembamba karibu na bati la nyuma. Kilichotokea ni kwamba gundi inayoshikanisha chembe za pedi imepikwa, ikatoa gesi, kisha ikaganda juu ya uso. Ukiisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo unaweza kuiokoa kama haijapikwa hadi ndani. Kama imelowa mafuta, usipoteze muda na msasa wala kuichoma kwenye jiko kama wanavyofanya baadhi ya mafundi. Mafuta yameingia kwenye vitundu vyake, yatatoka tena siku ya mteremko.

Pedi zenyewe kimsingi ni za aina mbili. Za resini ni kimya, zinashika tangu zikiwa baridi, lakini tope la mchanga linazila kwa siku chache za mvua. Za chuma kilichosindikwa zinapiga kelele, zinataka zipate joto kidogo ndipo zishike vizuri, zinavumilia tope na moto. Ubaya wake ni kwamba hupitisha joto zaidi kwenda kwenye pistoni na mafuta. Kwa mteremko mrefu ningefunga za chuma mbele bila kufikiri mara mbili, na nyuma ningemwachia mtu achague. Ila soma kwanza diski yako. Diski nyingi za bei nafuu za Shimano zimegongwa maandishi ya Kiingereza yanayoonya kwamba zinataka pedi za resini tu. Chuma chake ni laini, na pedi za chuma zitaila kabla pedi zenyewe hazijaisha.

Sasa mafuta, ambayo nadhani ndiyo sehemu inayostahili ubishi kuliko zote. Kuna kambi mbili. Moja inatumia mafuta ya DOT, yale yale ya magari na pikipiki: Hope, Hayes, na SRAM kwa sehemu kubwa ya historia yake. Nyingine inatumia mafuta ya madini: Shimano, Magura, Tektro na ndugu yake TRP. DOT ina viwango vya kisheria. DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, na DOT 5.1 chini ya 260. Tatizo ni kwamba inanyonya unyevu wa hewa, na ikishabeba maji kiasi cha asilimia 3.7, viwango hivyo vinashuka hadi 155 na 180. Katika hewa ya Tanga au Mombasa chupa iliyofunguliwa na kuachwa rafuni miezi kadhaa haifai tena kwa breki, hata kama kwa macho bado ni safi. Na usichanganyikiwe na namba: DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine.

Mafuta ya madini hayanyonyi maji, na hiyo inasifiwa kama ushindi. Ni nusu ya ushindi. Maji yakiingia, kwa kupitia raba iliyochoka au kwa fundi aliyeacha kifuniko wazi kwenye mvua, hayachanganyiki na mafuta. Yanazama na kujikusanya mahali pa chini kabisa, na mahali hapo ni kalipa, penye moto kuliko sehemu zote. Huko tone la maji linachemka kwenye nyuzi 100 tu, hata kama mafuta yanayolizunguka yangevumilia zaidi ya mara mbili ya hapo. DOT iliyonyonya maji inadhoofika polepole mfumo mzima; mafuta ya madini yenye maji yanakusaliti kwa ghafla. Isitoshe, mafuta ya madini hayana kiwango cha pamoja. Ya Shimano ni mekundu, ya Magura ni ya buluu, kila kampuni ina yake na inataka ununue yake.

Hapa ndipo mazingira yetu yanapogeuza hesabu. Duka lolote la spea za magari au bodaboda, kuanzia Arusha hadi Bukavu, lina DOT 4. Chupa ya mafuta ya madini ya baiskeli utaipata kwenye maduka machache ya miji mikubwa, la sivyo uagize. Kwa hoja ya upatikanaji peke yake, DOT ingeshinda. Lakini upatikanaji huo huo ndio unaoua breki za madini. Fundi anaiona breki haina mafuta, anajua breki ni mafuta ya breki, anachukua chupa ya DOT 4 ya bodaboda na kujaza kwenye Shimano. Raba za ndani zimetengenezwa kwa mafuta ya madini. DOT inazishambulia, zinalainika na kuvimba, na haichukui muda leva inaanza kurudi kwa kusuasua, kisha inavuja. Kosa la upande wa pili, mafuta ya madini ndani ya breki ya DOT, linaishia pabaya vilevile. Baada ya hapo hakuna kusafisha. Ni kubadilisha raba zote au breki nzima. Aina ya mafuta imeandikwa kwenye leva au kifuniko cha hifadhi ya mafuta. Mwonyeshe fundi maandishi hayo kabla hajafungua chochote. Inafaa kutaja pia kwamba SRAM, aliyekuwa nguzo ya kambi ya DOT, anatumia mafuta ya madini kwenye Maven, kwa hiyo hata jina la kampuni halitoshi tena kukuambia ujaze nini.

Kampuni moja moja, basi. Breki za Shimano zinaharibika mara chache, na kutoa upepo ndani yake ni kazi nyepesi: unafunga faneli ndogo juu ya leva, unasukuma mafuta kutoka chini, unagongagonga paipu na kutazama mapovu yakipanda mpaka yaishe. Zina kasoro mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kwamba leva hubadilisha mahali pa kushika: mvuto mmoja inashika mapema, mvuto unaofuata inashika karibu na usukani, hasa ukivuta haraka haraka. Haileti ajali kwa kawaida, ila inamkera anayetaka kujua breki yake iko wapi. Ya pili ni nzito zaidi kwetu: Shimano hawauzi raba za kalipa. Pistoni za kauri zikipasuka au kalipa ikianza kuvuja, unanunua kalipa nyingine. Huko ambako kalipa ya Deore inauzwa kwa bei ndogo na kufika kesho yake, hilo si tatizo. Kwa mtu wa Mbeya au Goma ni wiki kadhaa bila baiskeli.

SRAM wana historia ya kupanda na kushuka. Walinunua kampuni ya Avid mwaka 2004, na breki za Avid Elixir zikajulikana kwa kelele na kwa upepo usiotoka. Zikaja Guide, ambazo matoleo yake ya mwanzo yana ugonjwa unaotuhusu moja kwa moja: pistoni ya plastiki ndani ya leva ilivimba kwa joto. Acha baiskeli juani mchana, rudi, vuta leva. Inakwenda na hairudi, pedi zimebaki zimeshika diski. Kivulini inapona. Kampuni ilizibadilisha kwa dhamana, lakini nyingi bado zinazunguka kwenye soko la mitumba, na jua la kwetu halina huruma. Ajabu ni kwamba Desemba 2013 kampuni hiyo hiyo ilirudisha breki zake za mafuta za baiskeli za barabarani kwa sababu ya kinyume chake, raba zilishindwa kwenye baridi kali. Code zilizofuata ni imara kweli, na SRAM wanauza raba na pistoni zake, jambo ambalo nawapa alama.

Magura wa Bad Urach, Ujerumani, kwa MT5 na MT7, wana breki ambazo kwa nguvu na utulivu kwenye moto sijaona sababu ya kuzidharau. Udhaifu wake ni kwamba mwili wa leva ni plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kaboni. Nyepesi, haikamati kutu, lakini fundi aliyezoea kukaza bolti mpaka zilie ataipasua. Skrubu ya kutolea upepo inatakiwa ikazwe kwa nguvu ndogo mno, isiyozidi nusu ya nyutoni-mita. Kwa maneno mengine, kwa vidole. Hope wa Barnoldswick, Uingereza, wako upande wa pili kabisa: aluminiamu iliyochongwa, bei kubwa, uzito zaidi kidogo, na kila raba, kila skrubu, kila pistoni inauzwa peke yake hata kwa breki za zamani. Ukiniambia unataka breki moja ya kukaa nayo miaka mingi mbali na duka, na fedha unayo, na DOT 4 iko kwenye duka la bodaboda jirani, nitakuelekeza huko. Hayes Dominion na TRP ni nzuri, kwetu hazionekani sana. Tektro za bei nafuu, zinazokuja na baiskeli nyingi mpya za kiwango cha chini ya kati, hazina maajabu na hazina visa, na kwa mwendeshaji wa kawaida zikipewa diski ya 180 zinatosha.

Na breki za diski za waya? Msafiri anayevuka nchi na mizigo bado ana sababu ya kuzitaka, maana waya unapatikana kwa fundi yeyote wa chini ya mwembe. Avid BB7 zilijijengea heshima kwa kuwa unaweza kusogeza pedi zote mbili kwa mkono bila spana, na TRP Spyke inasukuma pedi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Zinachodai ni uangalizi. Breki ya mafuta inajisogeza yenyewe pedi zinapolika. Ya waya haijisogezi, kwa hiyo kwenye mteremko mrefu wenye tope inaweza kuanza safari ikiwa kali na kufika chini leva ikigusa usukani, usipojua kusimama katikati na kuikaza. Chumvi ya pwani nayo inakula waya ndani ya kava. Mafuta hayachemki humo kwa sababu hayamo, na hiyo si sifa ndogo.

Kuna diski za aina nyingine ambazo sizihesabu kama breki za mlimani: zile za baiskeli mpya za bei ya chini zinazopangwa nje ya maduka ya Kariakoo na kwingineko, kalipa ya bati jepesi inayosukuma pedi moja tu na kuipinda diski mpaka iguse pedi ya pili. Zina sura ya diski. Ukizilinganisha na breki nzuri za kubana rimu, zenye mipira mipya na waya mpya, hizo za rimu zinashinda kwenye barabara kavu. Mzazi anayemnunulia mtoto baiskeli asikubali kuongezewa bei kwa sababu ya duara lile la chuma.

Nyingi ya breki ninazoziona zimekufa hazikuuawa na kiwanda. Mazoea yetu ya kuipindua baiskeli kichwa chini miguu juu ili kuziba pancha ni moja ya sababu: kama kuna kihewa kidogo kwenye hifadhi ya mafuta juu ya leva, kitapanda kuelekea kwenye paipu, na baiskeli ikisimamishwa tena leva inabonyea. Ivute mara nyingi ikiwa imesimama wima, mara nyingi upepo hurudi. Kusafirisha baiskeli kwenye buti la basi huku gurudumu limetolewa ni sababu nyingine. Mtu akiigusa leva wakati katikati ya pedi hakuna diski, pistoni zinatoka na pedi zinabanana; weka kipande cha boksi katikati yake kabla hujaikabidhi kwa kondakta. Mbaya kuliko zote ni dawa za kung'arishia na mafuta ya mnyororo ya kupuliza. Ukungu wake unatua kwenye diski, na jioni breki inalia na haishiki. Diski isafishwe kwa spiriti na kitambaa kisafi, basi.

Wengi wetu tunanunua mitumba, kwa hiyo hapo ndipo ukaguzi unapaswa kufanyika. Pitisha ukucha kutoka ukingo wa diski kuelekea katikati. Ukisikia ngazi inayokwama ukucha, diski imelika, na kipimo cha vernia kitakuambia kama imepita kikomo chake, milimita 1.5 kwa diski ya Shimano. Vuta leva kwa nguvu na uishikilie kwa dakika nzima: ikizidi kuzama taratibu, kuna kuvuja ndani. Toa magurudumu, tazama pistoni kama zote zinatoka sawasawa na kama kuna unyevu wa mafuta kuzizunguka. Kama ni Guide ya zamani, omba ikae juani kwanza. Halafu angalia leva ya mkono wa kulia inafunga gurudumu gani. Baiskeli zilizotoka Japani na Uingereza zina breki ya mbele kulia. Zilizotoka Ujerumani au Uholanzi kwa kawaida zina ya mbele kushoto, na mtu aliyezoea moja akipewa nyingine ataibana ya mbele pale alipokusudia ya nyuma. Kwa breki za waya kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Leva nyingi za SRAM zinahamishwa upande bila kugusa mafuta. Za Shimano haziwezi, paipu lazima zifunguliwe na upepo utolewe upya, kwa hiyo gharama hiyo mtajie muuzaji kabla hamjakubaliana bei.